Kabla Ufute Orijino, Nisikize

Kila wiki kuna mtu ananiuliza mbona video yake inacheza poa kwa simu, lakini akiiweka kwa programu ya kuhariri anapata sauti na skrini nyeusi. Jibu fupi: ibadilishe fomati. Hilo utaambiwa na kila mtu. Lenye huambiwi ni kwamba hiyo kazi ya kubadilisha ndiyo inaweza kukuharibia kila kitu, na mimi ilishaniharibia.

Mimi kazi yangu nyingi ni Kamakis, hapa Eastern Bypass upande wa Ruiru. Mnapajua: moshi wa nyama choma, magari kila mahali, na kila meza kuna mtu ameinua simu. Nashuti matangazo mafupi ya hoteli, besdei, na ruracio za watu wa mtaa.

Kuna ruracio moja nilipewa klipu za simu tatu, moja ikiwa iPhone. Laptopu yangu ya zamani ikakataa za iPhone kabisa. Mteja anataka video Jumatatu. Nikaingia kwa tovuti moja ya kubadilisha video bure, nikapandisha klipu usiku kucha na bando yangu mwenyewe, zikarudi zinafunguka. Diski ilikuwa imejaa, so nikafuta orijino. Video ikatoka, familia ikafurahi, nikalipwa.

Miezi kadhaa baadaye binti akanipigia. Cucu yake ameaga, na wanataka ile klipu akibariki watoto, iwekwe kwa skrini kubwa siku ya mazishi. Mwenye iPhone alikuwa ameshauza hiyo simu. Mimi nilikuwa na ile ya tovuti tu: imepunguzwa hadi 720, uso una ukungu, na kufika katikati mdomo wa cucu na sauti yake haviendi pamoja.

Sasa hapo makosa ni ya nani? Ni yangu. Nilidhani kubadilisha ni kama kuhamisha maji kutoka kwa jagi hadi kwa glasi. Sivyo. MP4 na MOV ni sanduku tu. Ndani kuna kodeki, yaani jinsi picha zilivyobanwa. iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 hubana kwa H.265, ambayo pia huitwa HEVC, na kompyuta nyingi za zamani zimezoea H.264 ya mwaka 2003. (Na wewe unayebadilisha jina la faili kutoka .mov hadi .mp4 ukidhani umemaliza, umebadilisha kibandiko cha sanduku tu.) Kila ukibana upya kwa njia hizi za kawaida, kuna kitu kinatupwa, na hakirudi.

Ile sauti kuachana na mdomo nayo huletwa na simu zenyewe. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu kwa sekunde, zinapanda na kushuka, hasa giza likiingia. Programu ya kuhariri ikidhani ni 30 kutoka mwanzo hadi mwisho, mambo yanaachana polepole.

Siku hizi natumia HandBrake. Ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Nachagua H.264, fremu naziweka ziwe za idadi moja isiyobadilika, ukubwa wa picha siugusi, na RF naweka kati ya 18 na 20, maana namba ikishuka ubora unapanda. Faili inaweza kutoka kubwa kuliko orijino. Usishtuke, H.265 iliundwa ili kubana zaidi.

Tovuti za bure sitaki tena, hata zikiwa na kasi. Unachukua nyuso za watoto na wazee wa watu unazipeleka kwa seva ya mtu usiyemjua. Kenya tuko na sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata bila sheria, kwani mteja alikuruhusu lini?

Najua kuna wenye watasema ninunue tu mashine mpya. Sawa, nichangieni. Kwa sasa nimeona rahisi kuongea kabla ya kushuti: kwa iPhone ingia Settings, Camera, Formats, uchague Most Compatible, ingawa 4K ya fremu 60 bado itatoka HEVC. Na klipu nisitumiwe kwa WhatsApp kama video ya kawaida, nitumiwe kama dokumenti. Kubadilisha nimeiweka kwa bei, mstari wake peke yake, pamoja na diski ya kuweka orijino. Kuna wateja wamelalamika, wawili wakaenda kwa mwingine.

Kwa mkataba nimeandika naweka orijino mwaka mmoja. Mteja mmoja juzi ameniambia ni mchache. Nyinyi mnaweka kwa muda gani?