Uyoga na Vyumba vya Bombolulu

Wako wengi hapa Bombolulu, Mombasa, wadhanio kwamba kilimo ni amali ya wenye mashamba, na kwamba aliyepanga chumba Kisauni hahusiki nacho; dhana hiyo, kwa rai yangu, yatunyima riziki iliyo karibu mno. Uyoga hautaki shamba wala jua kali, bali kivuli, unyevu na hewa ipitayo. Ule mweupe wa mviringo hupenda baridi ya bara, lakini ule wa umbo la chaza, uitwao mamama huko Tanzania, una aina ya rangi ya waridi istahimiliyo joto letu.

Majani makavu ya mpunga hukatwakatwa, hurowekwa, huchemshwa ili vijidudu vife, hukamuliwa hata yakifumbatwa yasidondoshe ila tone moja mawili, kisha hushindiliwa mifukoni tabaka kwa tabaka pamoja na mbegu ya uyoga. Majuma machache yapitapo, nyuzi nyeupe huwa zimeenea mfuko mzima.

Uyoga wenyewe ukivunwa na kukaushwa, humusi hata robo ya uzito wake ni protini, na ukianikwa juani huzidi vitamini D. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeuotesha juu ya mabaki ya mkonge. Huko Marekani, kampuni ya Ecovative hufanyiza vifungashio kwa nyuzi za uyoga. Wenzetu wageuza mabaki kuwa mali, nasi twachoma makumbi ya nazi!

Lakini mbegu mbovu humfilisi mkulima kabla hajavuna. Basi Serikali ya Kaunti ya Mombasa yapaswa kuwafikishia wakaazi mbegu iliyokaguliwa, kwa bei aimuduyo mnyonge.