Mashine Inayojijua na Ardhi Isiyojulikana

Katika kazi za ujenzi wa mijini, shimo kubwa la kiwanjani si lazima liwe kazi ngumu kuliko mtaro mwembamba uchimbwao baina ya nyumba mbili. Ekskaveta, ambayo wananchi wengi huiita kijiko, ni mashine yenye kisogo. Mkono wake ukigeukia kulia, chuma kizito kilichowekwa nyuma ili isipinduke hugeukia kushoto, na hapo ndipo mtu aliyesimama kando anapoweza kubanwa ukutani. Kwa sababu hiyo mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza hutaka pabaki nafasi inayozidi nusu mita baina ya mashine na kizuizi chochote kilicho karibu. Juu kuna nyaya za umeme, kando kuna kuta na wapita njia, na chini kuna mabomba. Mwendeshaji aliye kitini huyaona meno ya ndoo yakiingia ardhini, kisha hayaoni tena. Hutegemea mazoea yake, na ishara za mwenzake aliyesimama ukingoni akipunga mkono.

Tekinolojia ya kumsaidia mwendeshaji huyo ipo, na imekwisha kutoka katika maabara na kuingia sokoni. Tangu muongo wa 2010 kumekuwapo ekskaveta zinazouzwa zikiwa na kompyuta, vipimio na kioo cha kumwonyesha mwendeshaji mahali yalipo meno ya ndoo, hata yakiwa ndani ya matope. Nyingine huenda mbali zaidi: meno yakikaribia kina kilichowekwa, kompyuta hupunguza mafuta ya haidroliki yanayosukuma mkono, nao husimama wenyewe. Kadhalika mwendeshaji anaweza kuchora ndani ya kompyuta ukuta wa kufikirika, upande wa barabara au chini ya nyaya, na mashine ikakataa kuuvuka. Uvumbuzi huu unastahili kusifiwa. Hata hivyo sifa zinazoambatana nao zimeficha jambo moja kubwa, nalo ni kwamba mashine hii imefundishwa kujijua yenyewe tu. Ardhi inayoichimba haijui hata kidogo.

Ili neno hilo lieleweke, haina budi kutazama jinsi mashine inavyojijua. Mkono wa ekskaveta hufanana na mkono wa binadamu: una bega, kiwiko na kifundo. Katika kila sehemu huwekwa kipima mwinamo, yaani kifaa kidogo kinachofanya kazi ya timazi la mwashi, kwa kuwa nacho hutambua upande ambao dunia inavuta. Urefu wa kila sehemu unajulikana tangu kiwandani. Yanayobaki ni hesabu za pembe tatu, zile zile zinazofundishwa katika shule za sekondari. Chukua mfano wa mashine ambayo bega lake liko mita 1.7 juu ya ardhi. Sehemu ya kwanza ya mkono ina mita 5.7 na imeinuka kwa nyuzi 30, basi kiwiko kiko mita 2.85 juu ya bega. Sehemu ya pili ina mita 2.9 na imeinama kwa nyuzi 60, basi inashuka mita 2.51. Ndoo ina mita 1.5 na inaning'inia wima. Jumla yake ni kwamba meno yako mita 1.16 chini ya bega, na bado yanaelea sentimita 54 juu ya udongo. (Mkono halisi umepinda kama shingo ya bata, lakini hilo halivurugi hesabu, maana kinachopimwa ni umbali ulionyooka toka bawaba hadi bawaba.) Kompyuta hurudia hesabu hii mara nyingi katika kila sekunde.

Mwalimu wa hisabati anayeulizwa na wanafunzi wake saini na kosaini zina kazi gani maishani anaweza kuwaonyesha mfano huu, kisha akawataka watafute kosa. Mkono ukinyooshwa hadi mita 9, kosa la nyuzi 1 tu begani huhamisha meno kwa kadiri ya sentimita 16, nayo inatosha kabisa kukata bomba. Kosa likipunguzwa hadi sehemu ya kumi ya nyuzi, hubaki sentimita 1 na nusu hivi. Ndiyo sababu vipimio hivi hulazimika kuwa vya uhakika mkubwa. Hata hivyo uhakika wake hautunzwi na kiwanda peke yake: bawaba hulegea kwa kutumika, na meno ya ndoo huliwa na mawe. Jino lililopungua sentimita 4 bila ya kompyuta kuambiwa huifanya mashine iseme uongo wa sentimita 4, tena kwa tarakimu safi zinazong'aa kiooni.

Hadi hapo mashine inajua mkono wake ulivyokaa, lakini haijajua yenyewe iko wapi duniani. Katika uwanja wa wazi kazi hiyo hufanywa na setilaiti. Zile za Marekani huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya dunia. Mashine huzipokea kwa antena mbili zilizofungwa mgongoni, ikisahihishwa na stesheni iliyowekwa mahali palipopimwa kwa uangalifu, na hivyo hujua mahali ilipo kwa kukosea sentimita 2 au 3 tu. Lakini nafasi finyu huuharibu utaratibu huo. Baina ya majengo marefu mbingu huwa ukanda mwembamba, na setilaiti nyingi hufichwa na kuta. Baya zaidi ni mwangwi: wimbi la redio likigonga ukuta kabla ya kuifikia antena, huwa limesafiri njia ndefu kuliko ilivyostahili, na mashine huamini kwamba iko mahali isipokuwapo. Anayetaka kuona jambo hili kwa vitendo na atembee katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar akiwa na simu inayoonyesha ramani, aone alama yake inavyorukaruka juu ya mapaa ya nyumba. Chini ya madaraja na ndani ya mahandaki setilaiti hazipatikani kabisa. Huko wapima ardhi hutumia chombo cha kupimia pembe na umbali, kinachojigeuza chenyewe na kuifuata kwa mwali prizimu iliyofungwa kwenye mashine.

Matatizo haya ya nafasi yana dawa, ingawa ni ya gharama. Ufinyu ulio mgumu kuliko wote ni ule usioonekana, ulio chini ya barabara. Serikali ya Uingereza imekadiria kwamba nchi hiyo ina kilomita milioni 4 hivi za mabomba na nyaya zilizofukiwa, na kwamba hugongwa kwa bahati mbaya kiasi cha mara 60,000 kila mwaka. Hiyo ni nchi yenye mashine za kisasa na wapima ardhi wa kutosha. Ilichokikosa kwa muda mrefu ni ramani moja: kila shirika la maji, gesi, umeme na simu lilitunza michoro yake peke yake. Michoro mingi haikutaja kina, na mingine ilipima kutoka ukingo wa barabara ambao baadaye ulisogezwa. Mnamo Aprili 2023 ndipo rejista ya taifa ya vitu vilivyofukiwa ilipoanza kutumika, kwanza kwa London, Wales na kaskazini mashariki ya Uingereza.

Madhara ya kutojua si kukatika kwa simu tu. Tarehe 30 Julai mwaka 2004 bomba la gesi lilipasuka huko Ghislenghien, Ubelgiji, likaua watu 24 na kujeruhi zaidi ya 130, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wazima moto waliokuja kuokoa. Bomba hilo halikutobolewa siku ile. Mashine ya ujenzi ilikuwa imelikwaruza katika kazi zilizotangulia, chuma kikabaki chembamba, na shinikizo la gesi lilipoongezwa kikashindwa kustahimili. Mashine yenye uongozi wa sentimita 2 ingeweza kufanya mkwaruzo ule ule, kama kompyuta yake isingeambiwa bomba lilipo na limefukiwa kina gani.

Wapo wasemao kwamba rada ya ardhini itamaliza tatizo hili: mashine itatazama udongo kama daktari atazamavyo mifupa. Matumaini hayo yamezidi kiasi. Mawimbi ya rada hupenya vema katika mchanga mkavu, lakini humezwa na udongo wa mfinyanzi na udongo uliolowa maji ya chumvi, yaani udongo wa sehemu nyingi za pwani na wa mbuga nyeusi. Vifaa vingine hutafuta mkondo wa umeme katika chuma, na kwa hiyo havilioni bomba la plastiki isipokuwa limefukiwa pamoja na waya. Rada ni msaada. Haiwezi kuwa badala ya kumbukumbu.

Afrika ya Mashariki haina sababu ya kulitazama jambo hili kama la wengine. Gesi asilia ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015. Nyaya za mawasiliano, maji na umeme huongezeka katika njia zile zile nyembamba. Zitakapoletwa ekskaveta zenye akili, patakuwa na kishawishi cha kuzinunua kwanza na kutafuta ramani baadaye, kwa kuwa mashine huonekana na kupigwa picha, hali ramani hukaa kabatini. Mpango huo ungekuwa wa kinyume. Bomba hupimwa kwa urahisi siku moja tu, nayo ni siku lilazwapo mtaroni kabla ya kufukiwa. Fundi mmoja mwenye chombo cha kupimia anaweza kuandika mahali lilipo na kina chake kwa dakika chache. Likisha kufukiwa, kulitafuta upya huhitaji rada, mashimo ya majaribio yachimbwayo kwa mkono, na bahati. Sharti la kwamba mtaro usifukiwe kabla ya vipimo kuandikwa na kupelekwa katika rejista moja lingeweza kuwekwa hata leo, kwa mashine zilizopo na kwa majembe.

Shule nazo zina mahali pa kuanzia. Nyingi zina bomba la maji linalotoka barabarani hadi kwenye matangi, na waya wa umeme uliofukiwa uwanjani, na mara nyingi anayejua njia zake ni mlinzi au fundi mmoja mzee. Darasa lenye utepe wa kupimia, timazi na karatasi ya mraba linaweza kumfuata mzee huyo kwa alasiri moja, likachora kila kona kwa vipimo viwili kutoka katika pembe za jengo, likaandika kina pale kinapojulikana na kuacha wazi pale kisipojulikana.