Daftari la Shangazi

Nilikuwa nyumbani Tunduma kumuuguza shangazi, na nimerudi na dukuduku.

Shangazi anauza mchele. Asubuhi yuko Tunduma, mchana yuko Nakonde, upande wa Zambia. Akiumwa anaingia kituo kilicho karibu, ananunua daftari dukani, anaandikiwa, anapewa dawa. Likipotea ananunua jingine. Miaka ya nyuma alimeza Septrin akababuka mwili mzima, mganga akaandika daftarini kwamba dawa za salfa hazimfai. Daftari lile liliishia kufungia karanga! Mwezi uliopita kituo kimoja (sikitaji) kikampa Septrin tena. Hakuna aliyemuuliza, na yeye jina la dawa alishalisahau. Midomo ikachubuka, macho yakavimba, usiku ule ule tukakimbizana naye hadi Vwawa.

Mnakumbuka Muhimbili, Novemba 2007? Pale MOI wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walichanganywa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Ile ilikuwa taasisi kubwa yenye mafaili. Sisi wa daftari la dukani je?

Naambiwa dawa yake ni kompyuta. Sawa, hospitali zetu za serikali zina GoT-HoMIS, Zambia nao wana SmartCare. Lakini mama anayevuka mpaka kila siku havuki na kompyuta, anavuka na kikapu chake.

Halafu kuna hili tunalolinong'ona tu. Wapo wanaonunua daftari jipya makusudi. Anayetumia ARV hataki kadi yake ya CTC ionekane, maana muuguzi ni jirani yake. Sasa mjamzito akificha kwamba anameza Septrin kila siku, kisha kliniki wakampa SP ya kuzuia malaria, zote mbili zina salfa na hazitakiwi kwenda pamoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, ila kwenye dirisha la dawa foleni nzima bado inasikia unachoulizwa. Mimi simlaumu anayeficha.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Ukurasa wa kwanza wa kila daftari uandikwe dawa zisizomfaa mwenye nalo, kwa mwandiko unaosomeka jamani, na mtoa dawa aufungue kabla hajatoa kitu.

La shangazi nimeliandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: ASIPEWE SALFA. Nikalivika na nailoni. Analalamika eti limekuwa zito.