Ruaha Mkuu una wenyewe wengi mno



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya mto Ruaha Mkuu. Kila kiangazi kikifika swali lile lile huulizwa: nani anaukausha mto huu? Jawabu nalo huwa lile lile, kwamba ni wafugaji, na wakati mwingine huongezwa wakulima wa mpunga. Nadhani jawabu hilo limetuchelewesha sana, tena limewagharimu wananchi wengi makazi yao bila mto kurudi.

Kwa faida ya wasomaji wasiofika huko, nieleze kwanza njia ya maji yenyewe. Mvua hunyesha katika milima ya Uporoto na Kipengere. Kutoka nyanda hizo za juu hushuka mito ya Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera na Ruaha wenyewe, ikaingia bonde la Usangu. Bondeni maji hupita kwenye majaruba ya mpunga, na yanayobaki hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu, ambacho ni kama beseni kubwa. Mdomo wa beseni hilo ni mwamba ulioko Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kimo cha mwamba huo, hata kama kinamasi bado kimelowa, hakuna tone linalopita kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Baada ya hifadhi mto hufika Mtera, kisha Kidatu, na mwisho humwaga katika Rufiji.

Mto huo ulikauka ndani ya hifadhi mwaka 1993, na tangu hapo hukauka karibu kila kiangazi, mara kwa wiki kadhaa, mara kwa miezi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Frederick Sumaye, aliahidi mjini London kwamba ikifika mwaka 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika, ukapita.

Katika miaka hiyo ya 1990 nchi iliingia pia katika mgawo wa umeme, maji ya Mtera yakiwa yameshuka. Hapo ndipo mambo mawili yalipochanganywa kuwa moja. Watu waliona mto mkavu, wakaona na taa zimezimika, wakasema hili limeleta lile. Lakini bwawa la Mtera halijazwi na maji ya kiangazi! Linajazwa na maji mengi ya masika, na tena hupokea maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo ambayo hayapiti Usangu kabisa. Wataalamu waliolichunguza bonde hilo kati ya mwaka 1998 na 2005 walionyesha kwamba hata namna maji ya Mtera yalivyofunguliwa kwenda Kidatu ilikuwa na sehemu yake katika upungufu ule.

Maji ya mwezi Oktoba ni machache mno kuweza kujaza bwawa. Hata hivyo, maji hayo machache ndiyo uhai wa viboko, samaki na watu walioko kando ya mto. Kwa hiyo anayetaka umeme aulize habari za masika, na anayetaka mto utiririke aulize habari za kiangazi. Dawa zake si moja.

Mwaka 2006 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Usangu. Mwaka 2008 hifadhi ilipanuliwa ikalimeza pori la akiba la Usangu, na vijiji kadhaa vya Mbarali vikajikuta viko ndani ya ramani ya hifadhi. Mto uliendelea kukauka. Sisemi mifugo mingi haidhuru kinamasi, inadhuru. Nasema ng'ombe hanywi mto ukaisha.

Tuangalie mabanio. Zamani banio la mkulima lilikuwa la miti, mawe na majani. Lilikuwa linavuja, na kule kuvuja kulikuwa ndiko kumgawia jirani wa chini. Yalipokuja mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, na baadaye miradi ya kuboresha mifereji ya wakulima wadogo, zege lilichukua mahali pa miti. Banio la zege halivuji. Wakati wa masika hilo halina neno, maana maji ni mengi, lakini mwezi Septemba lina uwezo wa kuchukua mto mzima. Vibali navyo huandikwa kwa kiasi cha lita kwa sekunde, kana kwamba mto una kimo kimoja Machi na Oktoba. Mwenye kibali akichukua alichoandikiwa wakati wa kiangazi, wa chini yake hubaki na mchanga.

Basi kwa nini mabanio hayafungwi baada ya mavuno? Wengi husema ni ukaidi. Ukifika vijijini utaona mfereji ule ule ndio kisima: akina mama huchota humo, watoto huogea humo, mbuzi hunywa humo. Kufunga banio ni kuwanyima watu maji ya kunywa. Maji mengi sana husafiri kilomita nyingi mferejini, yakipotea kwa jua na ardhi, ili kijiji kipate ndoo zake. Kisima kirefu chenye pampu kingeweza kuurudishia mto maji mengi kuliko operesheni yoyote ya kuhamisha watu, na kingegharimu kidogo.

Mwaka 2000, mjini Nairobi, mataifa yaliyotia sahihi mkataba wa bayoanuwai yalikubaliana kwamba ardhi, maji na viumbe visimamiwe pamoja kama mfumo mmoja, na wakazi wakiwa washiriki. Sheria yetu ya maji ya mwaka 2009 nayo imetaja matumizi ya nyumbani na akiba ya maji kwa mazingira. Maneno hayana kasoro. Kasoro ni kwamba milima ina ofisi yake, mpunga una ofisi yake, wanyama wana yao na umeme una yake, kila mmoja akitazama kipande chake. Huyu hupewa sifa kwa kuongeza hekta za mpunga, yule kwa kuongeza eneo la hifadhi, na mto ni ule ule.

Siku hizi pia tunalo bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Nimesikia wakisema Usangu utalikausha. Ruaha Mkuu huchangia kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Kilombero ndio unaochangia zaidi ya nusu. Mwenye wasiwasi na bwawa hilo autazame Kilombero mapema, kabla nako hakujaanza kutafutwa wa kulaumiwa.

Ningeomba Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji itangaze gazetini, kila wiki kuanzia Julai hadi Desemba, kimo cha maji pale Ng'iriama, pamoja na orodha ya mabanio yaliyo wazi na kiasi yanachochukua, makubwa kwa madogo. Je, kuna kinachozuia?

Msomaji wako,
Iringa.