Mpigaji hapatikani kwa bahati: somo la ligi ndogo za besiboli kwa vijana wa Alimbongo

Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, katika nchi jirani ya Uganda, kuna vijana wanaocheza mchezo ambao wakaaji wengi wa Beni, Butembo na Lubero hawajawahi kuutazama hata kwenye televisheni. Mchezo huo ni besiboli. Mwaka 2022, klabu ya Los Angeles Dodgers ya Marekani ilisaini mikataba na Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Baada yao, Mganda mwingine, David Matoma, alisaini na Pittsburgh Pirates. Wote watatu walianzia chini kabisa, kwenye ligi ndogo, pale ambapo kijana hupimwa siku kwa siku kabla ya kuitwa katika ekipe kubwa.

Kwa mzazi wa Alimbongo, anayefikiria bei ya viazi na usalama wa njia, habari hiyo inaweza kuonekana kuwa ya mbali sana. Lakini namna Wamarekani wanavyomlea mpigaji kijana inajibu swali linaloulizwa kila siku kwenye viwanja vya Kivu Kaskazini: kwa nini watoto wengi wenye kipaji wanaonekana wakiwa na miaka 15, na wakifika 22 hakuna tena anayewakumbuka?

Kwanza, mchezo wenyewe. Katika besiboli mrushaji husimama mita 18 na zaidi kidogo kutoka kwa mpigaji, naye hurusha mpira mdogo mgumu. Mpigaji ana gongo la mbao. Mpira ukija kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, unamfikia kwa muda usiofika nusu ya sekunde. Katika muda huo lazima atambue kama mpira unanyooka, unapinda au unashuka, kisha aamue kupiga au kuuacha. Kazi hiyo ni ngumu kiasi kwamba mpigaji anayefanikiwa mara 3 kwa kila nafasi 10 huhesabiwa kati ya nyota. Mara 7 anarudi kukaa, na watu wanampigia makofi.

Kwa sababu hiyo, hakuna klabu inayomchukua mpigaji wa miaka 17 na kumweka mbele ya umati. Ligi kuu ya Marekani ina klabu 30. Chini ya kila moja kuna ekipe nne za ngazi nne zinazocheza msimu mzima, jumla ekipe 120, na chini ya hizo kuna ligi za wanaoanza, huko Marekani na katika Jamhuri ya Dominika. Kijana hupanda ngazi moja baada ya nyingine. Katika ekipe hizo nne, msimu mmoja una michezo zaidi ya 130, na anayepangwa tangu mwanzo hupata nafasi kama nne za kupiga kwa kila mchezo. Akivunjika moyo leo, kesho kuna mchezo mwingine.

Na kila nafasi inaandikwa. Anayemchunguza kijana haulizi tu amepiga mingapi. Anauliza: ameacha mipira mingapi mibaya? Amekosa mara ngapi? Ana umri gani kuliko wenzake wa ngazi hiyo? Mpigaji wa miaka 19 anayefanya vizuri mbele ya warushaji wa miaka 23 anawekewa alama kubwa kuliko wa miaka 24 anayefanya vizuri zaidi kati ya watoto. Hesabu hiyo haina maana kama umri ni wa uongo, au kama hakuna aliyeandika mchezo wa jana.

Hapa ndipo ugumu wa Afrika unapojitokeza. Kati ya Waganda hao watatu, Matoma amezungumziwa sana kwa sababu ya mkono wake, unaorusha mpira kwa kasi inayokaribia kilomita 160 kwa saa. Yeye ni mrushaji. Mkono wa namna hiyo unaweza kuonekana kwa alasiri moja, kwa kifaa cha kupima kasi. Hata mchungaji anayerusha mawe kwenye milima ya Lubero anaweza kuwa nao bila yeye mwenyewe kujua. Lakini jicho la mpigaji halipimwi kwa alasiri moja. Linajengwa kwa maelfu ya mipira kutoka kwa warushaji wazuri. Kijana asiyepata wapinzani wa kutosha anabaki na nguvu bila ujuzi. Kwa hiyo, nchi yenye vipaji lakini isiyo na mashindano hutoa mikono kwanza. Wapigaji wanachelewa.

Mfano mzuri ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, na mtoto alikulia hapo hapo klabuni, kiwanja kikiwa mlangoni pake. Pirates walimsaini mwaka 2008. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza katika ligi kuu, na katika nafasi yake ya kwanza aliupiga vizuri mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Chicago Cubs, ekipe iliyokuwa bingwa wa mwaka uliotangulia. Kati ya saini na siku hiyo ilipita zaidi ya miaka minane. Katika miaka hiyo hakuwa mpigaji wa kutisha. Alisifiwa zaidi kwa kudaka na kulinda. Kama klabu ingemhukumu kwa msimu mmoja mbaya, Afrika ingeendelea kusubiri.

Uganda nayo haikuokota wachezaji njiani. Huko Nakirebe, katika wilaya ya Mpigi, Mmarekani Richard Stanley alijenga viwanja na shule ya sekondari inayounganisha masomo na michezo. Watoto walianza kucheza kati yao, kisha dhidi ya nchi nyingine. Mwaka 2011 ekipe ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda na kupata tiketi ya fainali za dunia za watoto, zinazochezwa Williamsport nchini Marekani. Haikusafiri. Viza zilikataliwa kwa sababu karatasi za umri na za kuzaliwa hazikukubaliana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walikuwa na karatasi zilizonyooka. Walifika Williamsport, wakawa ekipe ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na wakashinda mchezo mmoja dhidi ya Wamarekani wa Oregon kwa 3 kwa 2. Watoto wa 2011 walikuwa wameshinda uwanjani kama wale wa 2012. Walichokosa ni karatasi.

Wakongomani wanalijua jambo hilo kupitia kabumbu. Mwezi Juni 2021, klabu ya Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kwamba mshambuliaji wake kutoka Kinshasa, aliyejulikana kama Silas Wamangituka, jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa umebadilishwa. Klabu ilisema kijana alikuwa chini ya mkono wa wakala wake wa zamani. Pamoja na hayo, shirikisho la Ujerumani lilimsimamisha miezi mitatu na kumtoza faini. Mchezaji ndiye aliyebeba aibu mbele ya dunia nzima.

Sasa Alimbongo. Kituo hiki kiko juu ya milima ya Lubero, kwenye njia ya kitaifa namba 2, kati ya Kirumba na Lubero-centre. Baridi ni kali, na watu wanaishi kwa mashamba na mifugo. Mwezi Juni 2024 waasi wa M23 walichukua Kanyabayonga, na katikati ya Desemba mwaka huo mapigano yakafika Alimbongo. Familia zilikimbia kuelekea Lubero-centre na Butembo. Mtoto aliyekuwa mfungaji bora wa darasa lake alipofika ugenini hakuwa na shule, hakuwa na ekipe, na mara nyingi hakuwa na karatasi hata moja inayosema yeye ni nani.

Wengine watauliza: watu wanakimbia risasi, ni wakati gani wa kuongelea michezo? Swali hilo ni la haki, na usalama unatangulia kila kitu. Lakini cheti cha kuzaliwa kinachomfungulia mpigaji mlango wa viza ndicho kinachomfungulia mtoto mwingine mlango wa mtihani wa serikali, wa urithi wa shamba la baba yake na wa kadi ya mpiga kura. Sheria ya familia ya Kongo inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto wake bila malipo. Zikipita, inabidi kwenda mbele ya hakimu kutafuta hukumu ya kujaza pengo, ile jugement supplétif, na hapo gharama na safari zinaanza. Kwa familia iliyokimbia, siku 90 ni chache sana. Viongozi wa serikali ya kiraia wanaopokea wakimbizi wa ndani Butembo na Beni wangefanya kazi kubwa kama wangeyafuata makundi hayo mahali yalipo, badala ya kungoja mama mwenye mtoto mgongoni apange mstari.

Kuna pia hesabu ya pesa. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji wa kabumbu anapouzwa kwa klabu ya nchi nyingine mkataba wake ukiwa bado unaendelea, asilimia 5 ya bei inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 una robo ya asilimia moja. Kuanzia 16, nusu ya asilimia. Ekipe ndogo iliyomlea kijana misimu miwili, akiwa na miaka 16 na 17, ingestahili dola 10.000 siku anapouzwa kwa dola milioni moja. Kwa ekipe ya Lubero, hizo ni pesa za mipira, nyavu na viatu kwa miaka mingi. Lakini FIFA haimlipi mtu kwa kumbukumbu za mdomo. Inalipa klabu iliyoandikishwa, yenye mchezaji aliyeandikishwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Bila daftari, kwao hakutambuliki.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele haihitaji kungoja mfadhili kutoka Marekani. Kila ekipe ya mtaa na kila shule inaweza kununua daftari moja na kuandika, baada ya kila mchezo, jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, dakika alizocheza na alichofanya. Ententes za kabumbu na ligi ya jimbo, LIFNOKI, zinaweza kuwaandikisha watoto waliokimbia katika ekipe za mahali walipofikia, bila kuzidai karatasi za uhamisho zilizobaki kwenye nyumba zilizoachwa. Walimu wanaweza kupanga michezo ya kila wiki kati ya shule, kwa sababu mchezo mmoja wa sikukuu haumpimi mtoto. Hata besiboli yenyewe haiko mbali tena. Kuna aina yake inayoitwa Baseball5, inayochezwa na watu watano kila upande, wasichana na wavulana pamoja, bila gongo wala glavu. Mpigaji anapiga mpira wa raba kwa mkono. Mchezo huo umo katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar ya mwaka 2026.

Wazazi nao wana kazi yao. Anayekuja na ahadi ya Kampala, Dubai au Ulaya, akiomba pesa kwanza na kutaka miaka ya mtoto ipunguzwe, aulizwe maswali mawili: ni klabu gani, na mkataba uko wapi? FIFA inakataza, isipokuwa katika hali chache, mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine. Anayeharakisha kumtoa mtoto wa miaka 15 kijijini hajengi mchezaji. Anauza mtoto wa mtu.

Ligi ndogo za Marekani zina makosa yao pia. Kwa miaka mingi vijana walilipwa pesa ndogo mno, na kwenye ngazi ya chini kabisa mshahara wa mwaka ulikuwa dola 4.800, mpaka wachezaji walipoungana katika chama na kupata mkataba wa mwaka 2023 uliopandisha kiwango hicho hadi dola 19.800. Na wengi wanaoanza huko hawafiki ligi kuu. Lakini anayerudi nyumbani anarudi akijua alipimwa kwa haki, mara mia na mara mia tena. Mtoto wa Alimbongo anastahili kupimwa hivyo, kwa jina lake la kweli na umri wake wa kweli, kabla mtu yeyote hajasema kwamba hana kipaji.