Mvi Hazifuti Damu



Wako watu wasemao kwamba mzee wa miaka tisini hafai kupelekwa mbele ya hakimu, hata kama zamani alishiriki kuua maelfu. Husema, "Mwacheni, kaburi linamngoja." Maneno haya yana sura ya huruma. Lakini ni huruma kwa nani? Waliouawa hawakupewa nafasi ya kuota mvi.

Sheria yenyewe haina shaka. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba usemao kwamba makosa ya vita na makosa dhidi ya ubinadamu hayafutwi na muda. Huko Ujerumani, mwaka 2015, mahakama ya Lüneburg ilimhukumu Oskar Gröning, mzee wa miaka 94, kifungo cha miaka 4 kwa kusaidia mauaji ya watu 300,000 katika kambi ya Auschwitz. Kazi yake huko ilikuwa kuhesabu fedha walizonyang'anywa waliofikishwa kuuawa. Alisikia mashtaka, akaelewa, akajibu. Basi uzee ulizuia nini?

Tena tuulize: kwa nini hakuhukumiwa akiwa na nguvu zake? Kwa miaka mingi mahakama za Ujerumani zilidai ushahidi kwamba mshtakiwa alihusika moja kwa moja na mauaji fulani. Ni kesi ya John Demjanjuk mjini München, mwaka 2011, iliyofungua njia ya kuwashtaki waliotumikia kambi za mauti. Gröning alikufa mwaka 2018 kabla ya kuanza kifungo. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na walioumia ni jamaa za marehemu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo funzo la karibu zaidi. Mwaka 1994 watu wapatao 800,000 waliuawa Rwanda kwa muda wa siku 100 hivi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliwekwa Arusha, na mwaka 1997 ikamshtaki tajiri Félicien Kabuga, aliyetajwa kuwa mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM iliyochochea mauaji. Yeye alikana. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za Kabuga zilikuwa miaka 26! Alikamatwa karibu na Paris mwezi Mei 2020, akiishi kwa jina la uongo.

Kesi yake ilianza The Hague mwezi Septemba 2022. Mwaka 2023 majaji waliona kwamba akili yake imepotea kwa maradhi ya uzee, hata hawezi kufuata kesi. Wengi wao walitaka ushahidi uendelee kusikilizwa bila ya kumtia hatiani. Majaji wa rufani walikataa, wakaisimamisha kesi bila kikomo.

Je, walikosea? La! Mtu asiyeelewa anachoshtakiwa hawezi kujitetea, na kumhukumu mtu wa namna hiyo si haki. Tukitaka sheria itulinde sisi, lazima imlinde hata yule tunayemchukia. Lakini tusiwalaumu majaji tukawasahau waliomficha. Mzee huyu hakuishi porini. Alikuwa na nyumba, chakula, dawa na hati za kusafiria, na hayo yote hupatikana kwa mikono ya watu. Wao ndio waliowanyima manusura wa Rwanda hukumu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Mzee mwenye akili timamu na asimame kizimbani, hata kwa mkongojo. Adhabu yake ipimwe kwa afya yake, lakini kosa lisemwe wazi mbele ya watoto wa waliouawa. Na serikali zote ziwatoe sasa hivi watuhumiwa waliojificha katika nchi zao. Mashahidi nao wanazeeka, nao wanakufa.

Anayemficha mtuhumiwa leo anamsaidia kuikimbia haki kesho. Ndugu, ukijua alipo, sema!