Kozi Mwenye Pete Mguuni



Mwezi huu nataka kueleza jambo ambalo wengi wataliona dogo. Mimi pia nililiona dogo, hata nilipotambua kuwa nimekosea.

Miaka mingi iliyopita, katika siku za mvua za vuli, wanafunzi wangu wawili waliniletea chuoni kozi mdogo aliyekufa. Mguuni alikuwa na pete nyembamba ya madini meupe, imechorwa herufi na tarakimu. Waliokuwapo barazani wakaanza kunena. Huyu akasema ni hirizi, yule akasema ni ndege wa mchawi, na wa tatu akasema ametumwa kutupeleleza. Nami, badala ya kuwauliza wajuao, niliwaamuru vijana waitupe pete ile baharini. Wakatii. Hata namba yake sikuiandika.

Mmoja wa vijana wale alikwenda masomoni, na aliporudi alikuja kunisalimu. Tukiwa katika mazungumzo akaniambia kwa adabu, “Maalim, pete ile tuliyoitupa ilikuwa barua.” Nikamwomba anifundishe, na aliyonifundisha ndiyo ninayowaandikia.

Desturi ya kuvisha ndege pete kwa ajili ya elimu ilianzishwa na mwalimu wa shule kama sisi. Mwaka 1899, katika mji wa Viborg nchini Denmark, Hans Christian Mortensen aliwavisha kwezi pete za aluminiamu zenye namba na anwani, kisha akawaachilia. Atakayemwona ndege huyo amwandikie, naye apate kujua alikofika. Kazi hiyo imeenea duniani kote. Kwetu Afrika Mashariki kitovu chake ni Jumba la Makumbusho la Nairobi, na huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ndege wasafiri wamekuwa wakivishwa pete tangu mwaka 1969.

Na kozi ni msafiri mkubwa. Yuko kozi wa Amur, ambaye uzito wake haufiki robo kilo. Huzaliwa Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini ya China, akapitia Bara Hindi, akavuka bahari mpaka Afrika, akatufikia pamoja na mvua na kumbikumbi, kisha akaendelea kusini. Yuko na kozi mwingine wa rangi ya kijivu, ambaye huzaa katika visiwa vya Oman, kama Fahal na Daymaniyat, na makinda yake huvishwa pete huko huko. Kisha huondoka kwenda Madagascar. Basi yawezekana ndege apitaye juu ya paa zetu ametoka katika nchi walikotoka wazee wa baadhi yetu.

Faida ya elimu hii ni nini? Mwaka 2012, katika jimbo la Nagaland nchini India, kozi wa Amur walinaswa kwa nyavu kwa maelfu mengi, wakauawa na kuuzwa. Habari zilipoenea, wenyeji walinasihiwa na wakuu wao na viongozi wao wa dini, na mwaka 2013 wakaacha. Mwaka huo huo kozi watatu walifungwa vyombo vidogo vya kuonyesha njia yao, na mmoja akapewa jina la Pangti, kijiji kile kile kilichokuwa kikiwaua. Wakavuka bahari wakafika Afrika. Angalieni jinsi ujuzi ulivyoleta huruma.

Lakini dhana mbaya haiko kwetu tu. Mwaka 2013 wanakijiji wa mkoa wa Elazığ, nchini Uturuki, walimkamata kozi mdogo mwenye pete ya Israel, wakamshuku kuwa jasusi. Hawakumwua, bali walimpeleka kwa wenye mamlaka. Akapigwa picha ya eksirei katika chuo kikuu, ikaonekana hana chombo chochote mwilini ila pete, naye akaachiliwa. Mimi nasema watu wale walifanya vema kuliko nilivyofanya mimi, kwani walishuku, lakini walichunguza kabla ya kuhukumu. Na hili ndilo tuliloamrishwa katika Suratul Hujurat, tuletewapo habari tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga tukabaki wenye kujuta.

Tena sheria yetu imemwamuru aokotaye kitu cha mtu akitangaze. Pete ile thamani yake ni habari iliyo ndani yake, na kuificha habari ya mwenyewe ni kuivunja amana. Kumwua ndege huyo nako hakuna faida, maana ndege awindaye kwa makucha si halali kuliwa katika madhehebu yetu. Na Mtume, Sala na Amani zimshukie, aliamuru makinda yarudishwe kwa mama yao alipomwona ndege akihangaika.

Basi, enyi vijana, mkimwona kozi mwenye pete fanyeni hivi:

Kwanza, akiwa hai msimvue pete. Akiwa mbali, isomeni kwa darubini au mpigeni picha, kwani baadhi ya pete ni za rangi na herufi zake ni kubwa. Andikeni kila herufi na kila tarakimu, msiache hata moja. Andikeni na rangi ya pete, mguu ilipo, tarehe, mahali, na hali ya ndege.

Pili, tazameni kama ana kanda za ngozi miguuni au njuga. Huyo ni ndege wa kuwindia aliyempotea mwenyewe. Na pete isiyo na kiungo ni dalili kuwa amezaliwa kwa wafugaji, kwani huvishwa angali kinda. Pete ya ndege wa mwituni kwa kawaida ina mahali ilipokutanishwa.

Tatu, pelekeni habari kwa anwani iliyochorwa, au kwa Makumbusho ya Nairobi, au kwa afisa wa wanyamapori aliye karibu. Akiwa amekufa, itunzeni pete. Akiwa ameumia, mwiteni afisa huyo mapema.

Namba niliyoitupa mimi hairudi, na aliyeichora hatajua kozi wake alikomalizia safari. Yako mambo mengine mengi tunayoyatupa kwa sababu hatukuuliza. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na awajaalie watoto wetu kuwa wenye kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.